Kuvaa Kuanzia Chini

Mpokezi wa ofisi ile huvaa kuanzia chini kwenda juu. Kwanza viatu: vyeusi, havina kamba, soli nene kama tofali. Vingine vyote hufuata. Leo sketi ya marinda na soksi nyeupe, kesho suruali pana iliyokunjwa juu ya kifundo ili, kama asemavyo mwenyewe, "viatu vipate hewa." Hata akiwa kwenye simu mkono wake haukai, mara akaze mkanda, mara akunje mkono wa shati. Karani wa meza ya jirani alimwona mtu wa mikogo tu, mpaka asubuhi ya usaili wake wa kupandishwa cheo, kisigino cha kiatu chake kilipong'oka mlangoni.

"Dada, nimekwisha," karani alisema.

"Hujaisha. Kaa hapo." Mpokezi akavua viatu vyake, akampa pamoja na soksi. Akarudi nyuma kumtazama, kisha akainama kumkunjia pindo la suruali, akamchomekea blauzi kwa mbele tu. "Vitakupwaya kidogo. Tembea polepole, watadhani unajiamini."

Karani aliingia chumba cha usaili akitembea polepole. Wasaili wakauliza swali la kwanza. Akageuza macho, na kupitia ukuta wa kioo akamwona mpokezi akiinuka kumsindikiza mgeni hadi kwenye lifti, pekupeku, kidevu juu, akimwonyesha njia kwa madaha kama mtu aliyeamka amepanga kuvaa hivyo. Karani alicheka kimoyomoyo, akawageukia wasaili, akaanza kujibu.