Buya Aligonga Mara Tatu

Buya Mahadi hakupata kupinda kizingo cha Mto Tana bila kugonga ubavu wa chombo mara tatu. Aliugeuza upondo, ule mti wa kusukumia chombo, kwa mkono wa kushoto, akagonga kwa kitako chake, ko, ko, ko, kisha akangoja kidogo kama mtu aliyepiga hodi na bado hajaitikiwa. Ndipo alipopinda. Hata nchi kavu hakuiacha desturi hiyo. Akienda shambani, na njia ikajificha nyuma ya kichaka, aligonga fimbo kwenye shina la kwanza aliloliona. Watoto wa Garsen walimfuata wakigonga vijiti vyao, naye hakuwafukuza.

Watu wote wa mto waligonga, maana kiboko akishtushwa hupindua mtumbwi, na akisikia mapema hujiondokea; na kazi ya kugonga ilikuwa ya aliyekaa mbele. Lakini wengine waligonga walipokumbuka. Buya aligonga siku zote, na dada yake Kadii alidhani anaijua sababu. Baba yao alifia kwenye kizingo kilicho chini ya Kulesa, Buya akiwa na miaka kumi na mmoja na Kadii akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtumbwi ulipinduliwa. Buya alitoka, baba hakutoka. Buya mwenyewe ndiye aliyeleta habari nyumbani: waligonga, alisema, lakini kiboko alikuwa na ndama wake na hakujali. Hivyo ndivyo kifo kile kilivyosimuliwa kwa miaka thelathini na ushei, na hakuna aliyekisimulia vingine.

Mwaka wa 1956 Kadii alikuwa mjane mwenye shamba moja la mpunga ukingoni mwa mto, hapo hapo Kulesa. Mafuriko yalikuwa yameondoka vizuri na kuacha tope jeusi, mpunga ukatoa masuke mazito, na zilibaki kama siku kumi na tano avune. Ndipo kiboko mmoja dume, mwenye sikio lililochanika, alipoanza kupanda ukingo kuja kula. Kadii alihamia kwenye dungu la kulindia shamba, akapiga debe mpaka viganja vikavimba. Kiboko alilizoea lile debe. Kumuua hakukuruhusiwa bila kibali cha bwana nyama, afisa wa wanyamapori, na wanakijiji waliokwenda kuomba waliambiwa wangoje. Mpunga haungojei. Ndio uliokuwa chakula cha Kadii na binti zake wawili mpaka mafuriko mengine.

Kwa hiyo aliposikia kwamba amefika Garsen Mzungu mwenye bunduki na kibali cha kiboko mmoja, hakukaa. Alikwenda kwa miguu siku nzima. Mzungu yule na mkewe walikuwa wamekodi mashua ya injini ya Dagane, Msomali mwenye duka, ili wapande mto kutwa moja, waone wanyama na vijiji, warudi kabla ya jua kuzama. Dagane angeshika injini. Buya angesimama mbele na upondo kupima kina, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mafungu ya mchanga yalihamia wapi mwaka ule.

Kadii alimweleza kaka yake yote, akamwomba amfikishe Mzungu kwa yule mwenye sikio lililochanika.

"Nitamfikisha," Buya alisema.

Asubuhi Kadii aliingia mashuani kama abiria anayerudi kwao. Alikaa, akainuka, akahamia upande wa pili, akafungua fundo la leso yake na kulifunga tena. Dagane alimtazama kutoka kwenye injini.

"Mama, kaa chini," alimwambia. "Hii mashua, si kitanda. Usiitandike."

Aliketi, lakini miguu yake haikutulia. Mto ulikuwa umejaa vitu vya kutazama, na yeye alivichukia vyote kwa sababu kila kimoja kiliwasimamisha. Mamba walilala mchangani midomo wazi, na memsahibu, mke wa Mzungu, akataka wapite karibu. Kima waliruka kwenye mikuyu, na memsahibu akataka injini izimwe awasikie. Alikuwa na daftari la ndege. Kila mdiria aliyetua juu ya tete aliandikwa humo, naye kalamu yake haikuwa na haraka. Mahali fulani wafugaji wa Kiorma walikuwa wakinywesha ng'ombe, mmoja akipiga maji kwa fimbo kuwafukuza mamba, na hapo walisimama mpaka ng'ombe wa mwisho akapanda ukingo. Kadii alipima jua kwa kiganja. Kiboko yule alipumzika kwenye maji mafupi mpaka alasiri, kisha alihamia vilindini, na huko hakuna risasi ingemfikia.

Katika kijiji cha kwanza wanawake walikuwa wakitwanga. Memsahibu aliomba mchi, akatwanga mara nne, tano, uso ukawa mwekundu. Bibi mmoja aitwaye Nuria akasema wamwache amalize kinu kizima, na akikimaliza wamtafutie mume. Kijiji chote kilicheka. Dagane alitafsiri kwamba bibi anamsifu kwa nguvu zake, na memsahibu akamshika Nuria mkono kwa furaha, nao wakacheka upya. Kadii peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha kurudi mashuani.

Na kila kizingo, ko, ko, ko.

Mzungu aliuliza jambo, na Dagane akapaza sauti kumwambia Buya. "Anauliza kwa nini unapiga mashua. Na mimi nauliza. Rangi yangu inatoka."

"Napiga hodi," Buya alijibu.

Mzungu alicheka, kisha akasema kupitia kwa Dagane kwamba wakifika kwa kiboko hodi haitakuwapo. Buya alitikisa kichwa kukubali. Kadii hakuridhika. Alijongea mbele, akachuchumaa miguuni pa kaka yake na kusema kwa sauti ya chini, "Kaka, pale usigonge."

"Sitagonga."

"Baba aligonga, na akafa vilevile. Kugonga kulimfaa nini?"

Mikono ya Buya ilisimama juu ya upondo, na mashua ikakwaruza mchanga kabla hajaisukuma pembeni.

Walifika kizingo cha chini ya Kulesa jua likiwa limeanza kuinama. Dagane alizima injini. Buya alisukuma mashua taratibu kando ya matete, na upondo ulipoingia majini haukutoa hata mlio. Kupitia upenyo wa matete Kadii aliona mgongo mweusi, halafu kichwa, halafu lile sikio lenye pengo. Mzungu alipiga goti, akainua bunduki, akangoja mashua itokeze. Uliobaki ulikuwa urefu wa mashua moja tu. Kadii akauona mkono wa kushoto wa kaka yake ukiugeuza upondo.

Ko, ko, ko.

Maji yalipasuka. Mzungu aliposimama palikuwa na povu tu, na ndege wa memsahibu wakiruka wote kwa pamoja. Hakupiga kelele. Alisema maneno machache ambayo Dagane hakuyatafsiri. Buya alikuwa akiutazama mkono wake.

Walingoja hapo kama saa nzima, kiboko asiibuke, mwishowe wakaenda Kulesa. Wageni walizungushwa kijijini. Memsahibu aliupenda sana ule mpunga, akamwomba Kadii asimame kando yake apigwe picha. Kadii alisimama. Mashua ikageuka kurudi Garsen, na mpaka ilipopotea alisikia vizingo vikigongwa kimoja baada ya kingine.

Siku ya tatu kulipokucha, shamba lilikuwa limelala chini lote. Kadii na binti zake walichimba mizizi ya mayungiyungi, wakala na mahindi ya majirani waliojibana. Baada ya mwezi Buya alikuja na gunia la mbegu kichwani. Aligonga mwimo wa mlango mara tatu. Kadii alitoka, akaliburuta gunia ndani, hakumkaribisha.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Walisalimiana mazikoni na harusini, basi. Lakini Kadii akipalilia, akichota maji, akigeuka kitandani, swali lilikuwa likimzungukia: kaka yake alikusudia? Pengine aliwahurumia wanyama kuliko wapwa wake. Pengine alikuwa na lake na yule Mzungu. Hakuna jibu lililomkalia vizuri, wala hakuweza kuacha kulitafuta.

Mwaka wa 1959 habari zilipanda mto kwamba kifua cha Buya kimeharibika, anapelekwa hospitali Malindi. Kadii alitembea tena mpaka Garsen. Alimkuta mbele ya duka la Dagane, amelazwa nyuma ya lori juu ya magunia, amekonda mpaka shingo imekuwa kama ya mtoto. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vikigusa ubao wa lori. Dagane, aliyekuwa akimpepea kwa kawa, alimpa Kadii ile kawa, akaenda kuzungumza na dereva.

Kadii alimpepea kidogo. Maneno aliyokuja nayo yote yalimkimbia, likabaki moja.

"Kaka, siku ile ya Mzungu. Uligonga kusudi?"

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari, na magunia yakaanza kutetemeka chini ya Buya. Akamvuta dada yake kwa leso mpaka sikio lake likawa karibu, akamwambia haya, ndiyo ya mwisho aliyomwambia:

"Mkono ulikwenda wenyewe. Kadii, siku ya baba hatukugonga. Mimi ndiye niliyekaa mbele, na nilikuwa namenya muwa."