Mkono wa Tano

Kitu cha kwanza nilichotoa kwenye gunia lile kilikuwa sidiria yenye mkanda mmoja. Cha pili, suruali ya mwanaume ambayo hata kuisimulia sitaki. Desemba ile matope yalikuwa yameshuka kutoka mlimani yakapita mtaa wa Jorodom hapa Katesh, na sisi walimu ambao hatukusafiri likizo tukaombwa kuchambua nguo za msaada katika darasa moja la shule. Watu walikuwa wametoa, hilo sikatai. Wengine walitoa mablanketi mapya yakiwa bado kwenye mifuko yake. Lakini magunia matatu niliyopewa mimi yalinuka jasho, panya na mafuta ya kupikia yaliyochacha, na ndani mlikuwa na kiatu cha kushoto peke yake, soksi zilizokakamaa kama dagaa, na nepi za kitambaa ambazo mwenyewe hakuona haja ya kuzisuuza.

Nilisema sana siku ile. Nilisema mtu aliyepoteza nyumba hajapoteza pua. Muuguzi mmoja aliyekuja kutusaidia, dada mtu mzima aliyehamia kutoka Singida, akaniambia nikunje tu, kisichofaa nikiweke pembeni. Nikakunja huku nabwata. Nilijiona msafi kuliko wote mle ndani.

Januari shule ikafunguliwa. Nafundisha historia kidato cha tatu. Miaka yote nilikuwa nampa kiranja daftari langu aandike notisi ubaoni, wenzake wananakili, mtihani ukija wanatapika hoja sita walizokariri, na mimi nasahihisha matapishi hayo mpaka nachukia hata sauti ya kalamu yangu. Halafu tukaitwa semina, tukaambiwa tufundishe kwa vitu ambavyo watoto wanavifahamu. Mada ilikuwa jinsi biashara ilivyoiunganisha dunia ya leo na kuibadilisha. Nikapata wazo, nikalipenda mno. Kesho kila mtu aje na nguo moja ya nyumbani yenye lebo. Tutachora ramani ya dunia sakafuni kwa chaki, kila nguo ilale kwenye nchi yake, kisha kila mwanafunzi aandike mikono yote iliyoishika nguo hiyo, kuanzia shambani hadi nyumbani kwao, na kila mkono uliibadilisha vipi. Nikawaruhusu waandike kwa Kiswahili, mkaguzi asinisikie.

Kwa nusu saa lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Bangladeshi ilijaa mashati mpaka ikaifunika India. Jaketi lenye bendera ya Marekani lilikutwa limeshonwa Hondurasi, wakabishana Hondurasi iko wapi, wakafuta kipande cha ramani wakakichora upya. Nikawaeleza kwamba kwetu Shinyanga baba analima pamba, pamba inapanda meli, inakuwa fulana ya mtu wa huko kwenye baridi, na mtu huyo akiichoka inafungwa kwenye robota na kuja kutandazwa juu ya turubai hapa mnadani Katesh, hatua chache kutoka walipofungwa ng'ombe. Kijana mmoja akauliza kwa nini wanatuletea walichokichoka.

Hapo ndipo nilipoharibu. Jibu la soko na bei nilikuwa nalo, la kitabuni na la kweli. Badala yake nikafungua yale magunia mbele ya darasa. Nikawasimulia sidiria, soksi, nepi. Nikasema wapo watu, tena si Wazungu tu, wanaomgeuza mwenye shida kuwa shimo la taka halafu wanaita huruma. Nikasema uchafu ule nisingemtandikia hata mbwa. Walicheka, nami nikanogewa, nikaongeza chumvi. Mle darasani walikuwamo watoto waliovishwa kutoka magunia yale yale, na nilikuwa nawajua mmoja mmoja.

Mmoja wao alikuwa binti wa Jorodom. Yeye na mama yake walitoka na nguo walizolalia, nyumba ikabaki chini ya tope. Ndiye aliyekuwa ananiuliza maswali mpaka nasingizia kengele. Zamu yake ilipofika alisimama na sweta la kijani, amelikunja kama jipya.

"Uturuki, mwalimu," akasema, kisha akaigeuza kola. "Chini ya lebo kuna maandishi ya kalamu. Chuo, chumba cha tisa, kitanda cha chini."

Lilikuwa langu. Mpaka hapa sijasema kwamba na mimi nilitoa, na nimelichelewesha kwa aibu ile ile iliyonifunga mdomo siku hiyo. Nililivaa chuo cha ualimu, zipu ikafa, kiwiko kikaungua, na baada ya hapo likakaa jikoni miaka miwili nikiepulia sufuria. Mkono mmoja ulikuwa umeganda ugali. Waliopita kukusanya nguo walinikuta nakunywa chai. Nikalitoa kwenye msumari likiwa vile vile, nikalisokomeza kwenye mfuko wao, nikarudi kwenye chai yangu. Kulifua hakukunijia hata kichwani. Sasa mkono ule ule ulikuwa mbele yangu, umefuliwa, umekunjwa.

"Huyo msomi hana aibu," sauti ikasema kutoka nyuma, na darasa likacheka. Lakini halikumcheka msomi, lilimcheka binti aliyeshika sweta. Wote wakanigeukia wakisubiri neno langu. Sentensi moja ingetosha: sweta hilo ni langu, na mwenye aibu ni mimi. Ingemtoa yeye kwenye kicheko na kuniweka mimi mahali pangu. Nyani haoni kundule, wanasema, lakini nyani huyu alikuwa ameoneshwa mchana kweupe, na bado akatazama pembeni.

"Ni mtu wa hovyo tu huyo," nikasema. "Weka chini, tuendelee."

Akaliweka juu ya Uturuki, taratibu, akarudi kukaa. Hakuuliza swali lingine hadi kipindi kikaisha.

Mchana alikuja ofisi ya walimu na rundo la madaftari ya wenzake. Akaniamkia tena, ingawa asubuhi alishaniamkia, na marahaba yangu ikatoka kwa shida. Akayaweka madaftari mezani, akabaki amesimama mikono nyuma.

"Mwalimu, naomba kesho usilitaje tena lile sweta," akasema. "Ndilo mama anavaa kwenda kanisani. Nilimwambia naliazima nilipeleke shule kwa sababu ni zuri."

Nikamwambia sawa. Nikamwona bado anasubiri, nikaongeza kwamba kazi yake huwa nzuri. Akashukuru, akatoka. Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kumwita hata alipofika uwanjani, nisingehitaji kupaza sauti.

Nililitafuta daftari lake kabla ya mengine yote. Mkono wa kwanza, mkulima wa pamba, labda wa kwao mwalimu. Wa pili, mshonaji wa Uturuki. Wa tatu, mtu wa Ulaya, alilivaa wakati wa baridi akalichoka. Wa nne, mwenye robota. Wa sita, mama: alilifua mara tatu kwa sabuni ya kuazima, akatoa zipu akatia vifungo, akaziba kiwiko kwa kipande cha kanga aliyotoka nayo nyumbani. Kwenye nafasi ya tano alikuwa ameandika maneno matatu tu: msomi mmoja, hajulikani.

Nilikaa na kalamu nyekundu juu ya maneno yale mpaka walimu wenzangu wakaanza kuondoka. Kisha nikayawekea alama ya vema.