Pipa Lenye Homa

Mtaani walimwita Mama Mapipa, naye aliitika bila kinyongo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho cha kazi tu, na hapo nako limefutika nusu kwa maji ya sabuni.

Alikuwa mfuaji wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa na mashine tatu, moja nzima na mbili za kutazamwa, kwa hiyo mashuka mengi yalipita kwenye mikono yake. Shuka likilowa huwa na uzito wa mtoto anayeanza kutembea, na yeye aliwabeba watoto hao mia na zaidi kwa siku, akiwatoa kwenye beseni na kuwatupa kambani. Jioni alipofika nyumbani mabega yalikuwa yameshuka kiasi kwamba mkoba haukutaka kukaa.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja chake na mumewe, kimoja cha mama mkwe na mabinti wawili waliobanana kama njugu kwenye ganda, na cha tatu, chenye dirisha dogo na ubaridi mzuri, kilikuwa cha mapipa. Yalikuwa manne, ya chuma, yaliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Yalikaa juu ya matofali ili unyevu wa sakafu usiyafikie. La kwanza lilikuwa la maharage, mengine matatu ya mahindi. Juu ya rafu kulikuwa na mboga za majani zilizokaushwa kivulini na kufungwa kwenye mifuko, vitunguu vilivyosukwa kama nywele, chumvi, na mishumaa. Nje, magunia ya udongo yaliyopandwa mboga yaliegemea ukuta, na pipa la plastiki lilingoja chini ya bati mvua ambayo mwaka huo ilikuja kwa kuchungulia.

Watu walicheka. Walimuuliza kama anafungua ghala la serikali, au kama kuna vita ambayo ni yeye peke yake aliyeambiwa. Alijibu kwa methali ileile kila mara, kwamba akiba haiozi, kisha akaendelea na shughuli zake.

Hakuwaeleza kwamba aliwahi kuishi mwaka mbaya akiwa na miaka tisa. Njaa yenyewe hakuikumbuka vizuri. Alichokikumbuka ni jinsi watu walivyoanza kukohoa. Mgeni akikaribia nyumba ya mtu alikohoa kwa mbali, mara mbili tatu, ili wenyeji wapate nafasi ya kuficha chungu na wasiaibishane. Mtaa mzima ulikuwa na adabu ya kutisha. Hadi leo mtu akikohoa mlangoni kwake, aliangalia kwanza chungu kilipo.

Njia yake ya kuhifadhi ilikuwa moja, na aliifuata kama dawa. Mahindi yanunuliwe wakati wa mavuno. Yaanikwe siku tano juu ya turubai. Punje chache zitiwe kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, chupa itikiswe; chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yakiwa tayari yajazwe kwenye pipa, mshumaa uwashwe juu yake, na kifuniko kibanwe kwa mpira wa tyubu. Mshumaa ungekula hewa yote iliyomo hadi uzime wenyewe, na wadudu wafe kwa kukosa pumzi. Baada ya hapo pipa halifunguliwi mpaka zamu yake ifike.

Kanuni hiyo ya mwisho aliitungia mumewe. Mwaka uliopita mumewe alifungua pipa kimyakimya akamchotea dada yake ndoo mbili, na wadudu wakaingia kama watu wenye kadi ya mwaliko. Hawakugombana sana. Ila tangu siku hiyo mkewe alikuwa mlinzi wa mapipa, na mume alijua kwamba analindwa yeye.

Mume alikuwa dereva wa lori. Kampuni ilipoegesha malori yake kwa kukosa mizigo, alirudi nyumbani na begi lake na kopo la mafuta machafu ya injini, akasema ni ya kupaka nguzo za uzio mchwa wasizile. Nguzo hakuzipaka. Mchana joto likizidi aliingia chumba cha mapipa, akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye pipa la tatu na kusinzia. Siku moja mkewe alipotoka kazini alimwambia, kwa mzaha wa mtu asiye na uhakika na nafasi yake ya kutania, "Mama, hili pipa lina homa."

"Homa unayo wewe," mkewe akamjibu, "ya kutaka kulifungua."

Akacheka, akaacha. Mwanamume anayeshinda nyumbani hajadiliani juu ya chakula. Wiki mbili baadaye alisema tena kwamba pipa lina joto, safari hii kwa sauti ndogo, na mkewe, aliyekuwa amelala kifudifudi na viatu miguuni, hakujibu kabisa.

Zamu ya pipa la tatu ilifika siku ya Jumamosi, asubuhi. La maharage na la pili yalikuwa yamebaki vumbi. Mavuno yalikuwa mbali, miezi mitano kama mvua ingekuwa na huruma, na dukani unga ulikuwa haushikiki. Pipa moja liliilisha familia ya watu watano miezi miwili na nusu. Mapipa mawili yangewavusha, kwa kubanabana. Hesabu hiyo Mama Mapipa alikuwa ameipiga mara nyingi sana akiwa ameinamia beseni, na ndiyo iliyomsimamisha.

Mume alitoa mpira, akainua kifuniko. Harufu ilitoka kwanza, ya pombe iliyochacha na godoro lililolowa. Kisha wakaona. Mahindi yalikuwa yameshikamana kama tofali, na juu ya tofali hilo ukungu wa kijani na kijivu ulikuwa umelala vizuri kama blanketi.

Mama Mapipa aliingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto, joto la mwili wa mtu. Alikaa chini pale alipokuwa. Wala hakulia. Alikumbuka siku walipojaza pipa lile: mawingu yalikuwa yametanda, kazini walimhitaji, na badala ya kutikisa chupa ya chumvi alitafuna punje moja, ikalia kavu, akaridhika. Hilo lilikuwa kosa dogo. Mtu angeweza kulirekebisha mapema, wakati mume alipotoa taarifa.

"Ulisema," akamwambia.

"Nilisema mara mbili," mume akajibu. "Ningesema na ya tatu. Niliogopa utanikumbusha zile ndoo mbili." Akakuna kichwa. "Waliosema akiba haiozi hawakuweka mahindi."

Ulikuwa utani mzuri, na siku nyingine angeucheka.

Mama mkwe aliletwa na harufu. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye kauli fupi. Alichungulia, akasema hakuna haja ya kukaa msiba: yaoshwe, yaanikwe, yakobolewe, yasagwe. Wao zamani walikula mabaya kuliko hayo, na wako hai. Dereva akaunga mkono taratibu, kwamba labda yale ya katikati yana nafuu, labda wakichagua.

Mama Mapipa alikuwa amechoka kiasi kwamba nusu yake ilitaka kukubali. Ilikuwa rahisi. Kuosha alikujua, ndiyo kazi yake. Lakini alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kulisimulia nyumbani kwa sababu mambo ya hospitali huwa anayaacha hospitali.

Sasa akawasimulia. Miezi michache nyuma iliingia familia moja wodini, watu wanne, macho ya njano. Yeye hakuwaona. Aliona mashuka yao, yaliyofungwa pamoja na kuandikwa namba za vitanda. Siku ya kwanza mashuka ya vitanda vinne. Siku ya tatu, vitatu. Mwisho wa wiki yalikuja ya vitanda viwili, yote ya watoto. Alimuuliza muuguzi wamekula nini, akaambiwa mahindi yenye ukungu, waliyoyaosha vizuri sana.

"Mama," akamaliza, akimtazama mkwewe, "sumu hiyo haitoki kwa maji wala kwa moto. Sitaki kufua shuka la mtu wa nyumba hii."

Mama mkwe alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. Kisha akamgeukia mwanawe. "Jembe liko nyuma ya jiko."

Wakachimba uani, kando ya uzio. Dereva alichimba, mkewe akabomoa mahindi kwa kipande cha chuma na kuyatoa kwa ndoo. Walikuwa wanamwaga ndoo ya mwisho pale jirani yao alipopenya kwenye uwazi wa uzio. Alikuwa fundi wa cherehani, mama wa watoto watatu. Zamani alishona sare na magauni; sasa watu walimletea viraka, na wengine viraka vyenyewe walijishonea. Alikuja mbio kwa sababu alisikia jembe, akadhani wanazika mtu.

Akaliona shimo. Akatazama ndoo, akamtazama mwenye ndoo.

"Mnafukia mahindi?"

Mama Mapipa akamweleza kwamba yameharibika, yana sumu. Fundi akasema apewe yeye, atayachagua, ana macho mazuri, amezoea kutunga sindano. Akaelezwa tena kuhusu ile sumu, na mashuka, na wale wanne. Alisikiliza yote, lakini macho yake hayakutoka shimoni.

"Wanangu jana wamelalia chai ya rangi," akasema. "Nipe. Kama ni kufa nitakuwa nimekufa mimi, si wewe."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote, dada."

Fundi akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Kwamba una mkono wa birika nilikuwa najua. Lakini birika linalomwaga chai chini ili jirani asinywe, hilo sijapata kuliona."

Dereva akainamisha kichwa. Mama mkwe alijifanya anatafuta kitu jikoni. Mama Mapipa aliona waziwazi kwamba wakishalifukia shimo lile na wao kuingia ndani, mwanamke huyu atarudi kulifukua. Yeye mwenyewe angelifukua. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua kopo la mafuta machafu ya mumewe, akayamimina yote juu ya mahindi, polepole, akizunguka shimo, hadi yakawa meusi.

Fundi alikaa chini kwenye udongo uliochimbwa. Alijifuta uso kwa mkono wa gauni na kutazama ukutani, na hali hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Ndipo jambo jingine lilipomfikia Mama Mapipa, kwa kuchelewa, kama yanavyomfikia mtu aliyechoka. Pipa la nne lilijazwa siku ileile. Chini ya mawingu yaleyale. Kwa punje ileile moja aliyoitafuna.

"Fungua la nne," akamwambia mumewe.

"Zamu yake bado."

"Baba watoto, fungua."

Wote waliingia kwenye chumba kile, hata fundi, ambaye hakuna aliyemkaribisha wala kumzuia. Kifuniko kiliinuka. Harufu ilikuwa ya mahindi tu, yenye uzito kidogo. Mama Mapipa aliinama akaingiza mkono, kiganja, kiwiko, hadi shavu lake likagusa punje. Juu palikuwa na ubaridi. Katikati ubaridi. Chini kabisa, ncha za vidole zilikuta uvuguvugu.

Alichota kutoka hapo, akatoka na ngumi yake hadi juani, akaifungua. Punje zilikuwa safi. Zilitoa jasho jembamba, lakini zilikuwa safi. Akampa mama mkwe anuse. Mama mkwe akanusa, akatafuna moja, akatema, akasema bado lina roho, ila likikaa humo wiki moja zaidi litamfuata mwenzake.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Pipa zima litolewe, litandazwe, kila konzi ichambuliwe kabla jua halijageuka, na kesho tena, na keshokutwa. Dereva akaanza kubeba. Mabinti wakaitwa. Turubai moja halikutosha, na Mama Mapipa akasimama uani akitafuta kwa macho kitu cha kuongezea.

"Nina vitambaa vya bitana," fundi akasema. "Vipana. Havina mteja."

Akaenda, akarudi navyo, na watoto wake nyuma yake. Akakunja gauni, akapiga magoti, akaanza kuchambua. Kweli alikuwa na macho mazuri. Punje yenye doa aliitoa kabla wengine hawajaiona, akaitupia shimoni bila kugeuza shingo.

"Ukimaliza safu hiyo," Mama Mapipa akamwambia hatimaye, "lete beseni. Na kila Jumamosi."

"Na nyinyi?"

"Hatufiki mavuno." Aliisema kama mtu anayetaja saa. "Hata bila wewe tulikuwa hatufiki. Tutakula mara moja kwa siku, na mboga za kwenye magunia, halafu tutaona."

Fundi hakushukuru, na Mama Mapipa alipendelea hivyo. Alimwambia tu kwamba lile neno la birika analifuta, na kwamba anayetandaza asitandaze nene, yatachemka.

Jua lilikuwa limepanda. Lango lilikuwa wazi kwa sababu ya kupitisha vitambaa, na wapita njia waliona chakula chote cha nyumba ile kimelala chini, hadharani, kwa mara ya kwanza. Wengine walisimama. Mama Mapipa aliwaona, akataka kunyanyuka akafunge, akajiambia anyooshe mgongo kwanza, dakika moja. Akajilaza pembeni ya turubai, mkono chini ya kichwa.

Alilala pale pale, mdomo wazi, na kiatu kimoja kimemvuka. Mama mkwe akasema asiamshwe. Fundi alikuwa akiyageuza mahindi kwa mguu, mstari baada ya mstari, na alipofika kwenye miguu ya aliyelala aliizunguka, akaendelea upande wa pili.