Udongo Uliokataa Maji

Kwa miaka thelathini na minne mwokaji aliamka na unga, akalala na unga. Daktari alipomwambia kifua chake hakitaki tena vumbi lile, alirudi nyumbani na mikono mikubwa isiyo na kazi. Ndipo akamwomba mkewe nusu ya ua, upande ule wa kuanikia nguo.

"Wa nini, Baba Watoto?"

"Mboga. Matuta matatu tu."

Mkewe alimtazama, akaitazama ile mikono. "Nakupa mpaka Jumamosi. Nisipoona matuta ya maana, nguzo za kamba zangu zinarudi palepale."

Mwokaji aling'oa nguzo, akaziegemeza ukutani. Ua ulikuwa mchanga mtupu. Muuza mbegu alimshauri auchanganye na mboji ya kinamasi, ile nyeusi, nyepesi, inayouzwa kwa magunia. Alisema hushika maji kama sifongo. Mwokaji alimwaga magunia mawili makavu, akachanganya, akainua matuta. Alhamisi akamwagilia. Maji yakateleza kama juu ya turubai. Mboji ikaelea, ikafuata mkondo hadi kwenye ile nusu ya ua iliyosalia, ambako shuka jeupe lilikuwa limening'inia chini mno.

"Shuka langu nalo limepandwa mchicha?"

"Kazi mbaya si mchezo mwema, mke wangu."

"Kalifue basi, hiyo ndiyo kazi."

Alilifua. Doa halikutoka. Kisha akachimbua tuta kwa kidole. Ndani kukavu, kukavu kama unga. Akasimama hapo hapo. Mwokaji gani humwaga ndoo ya maji baridi juu ya unga, akangoja mkate?

Ijumaa alichota udongo wote, beseni baada ya beseni, akatia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, akaukanda. Akaunusa. Ulikuwa na uchachu. Akachukua jivu jikoni, akanyunyiza konzi mbili kuupunguza uchachu huo.

"Hamira utatia lini?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Huu hauumuki. Huu unashika. Hebu njoo."

Akamwekea donge kiganjani. Mkewe, aliyekamua nguo za watu sita maisha yake yote, alilibana mara moja. Maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Bado. Nguo ikichuruzika hivi haianikwi."

Mwokaji alicheka hadi akakohoa, kisha akaongeza mchanga mkavu. Donge la pili lilitoa tone moja tu, likabaki limeshikana. Mkewe aliligeuza kiganjani. Alilirudisha kwenye beseni taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

Jumamosi matuta matatu yalikuwa yamelala sambamba, meusi, yamesawazishwa kama mikate kwenye sinia. Jua lilipoanza kuyakausha juu, mkewe alitoka na lile shuka lenye doa, limelowa maji. Akalitandaza juu ya tuta la kwanza, akachomeka pembe mbili za upande wake.

"Si ndivyo nyinyi waokaji mnavyofunika donge la unga?" aliuliza. "Shika upande huo, Baba Watoto. Linavutika."

Nguzo zilibaki zimeegemea ukuta.