Pua ya Dagaa na Ua la Barazani

Pua yangu ndiyo iliyonijengea nyumba. Niliishia darasa la tatu, nikaingia kwenye dagaa, na mpaka leo hakuna mtu pale mwaloni, boti zinaposhushia samaki, anayeweza kuniuzia gunia lililoonja mvua. Naminya kiganjani, nasugua, nanusa, nataja bei. Basi.

Nyumba yenyewe niliijenga juu kidogo ya uwanja wangu wa kuanikia, baraza limetazama ziwa. Mke wangu alilikalia siku mbili. Siku ya tatu upepo ukatoka ziwani, ukapita kwenye dagaa, ukapanda barazani. Akabeba kigoda chake akahamia nyuma, karibu na banda la kuku, na huko ndiko amepokelea wageni miaka yote. Hata wazee waliokuja kuposa binti yetu walikaa kwa kuku.

"Siku hilo baraza lako likinukia," aliniambia, "nitakuja kukaa na wewe."

Mwanaume mzima nanywa chai peke yangu kwenye baraza la vigae, mke anaongea na majogoo. Liliniuma.

Nikasikia kuna maua yanayopanda nguzo, yenye harufu ya kushinda marashi. Nikaenda Nyegezi, kwenye kitalu cha miche cha mama mmoja, saa sita mchana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nataka ua la kupanda, lenye harufu kali."

Akanionyesha mawili ya ukoo mmoja. Jina lake la Kizungu sikulishika. La kwanza vijiua vyembamba, vyeupe, vinageuka njano vikizeeka. Ukifyonza kitako chake unapata utamu wa asali. La pili jekundu, mashada kama tarumbeta, la kupamba gari la bwana harusi. Nikachuma lile jeupe, nikaminya kiganjani, nikasugua, nikanusa.

"Baba! Hilo ni ua, siyo dagaa."

"Nani kakuambia mimi mtu wa dagaa?"

"Hakuna aliyeniambia. Ulipokuwa bado kule barabarani nilishajua."

Nikalimeza hilo, nikamwambia jeupe lake halinukii. Akasema jeupe hunukia jua likizama, nirudi jioni. Jekundu ni la macho tu, halina harufu. Nikamcheka. Nawajua wauzaji: mzigo uliododa ndio wanaousifia. Tena mzigo unaonukia jioni tu!

"Mama, pua hii hainunui ahadi."

Nikanusa jekundu, nikaona linanukia kabisa. Nikachukua miche minne.

Lilipanda nguzo kama lina hasira. Lilipochanua nilivaa shati la Jumapili, nikafuta viti viwili, nikamwita mke wangu. Akaja na kigoda chake, kama mtu asiyetaka kukaa sana. Akavuta hewa.

"Mzee, wewe unasikia nini?"

"Marashi."

"Mimi nasikia dagaa."

"Pua yako mbovu."

Akainuka, akaingia ndani. Aliporudi akaniamuru nifumbe macho, akaweka kitu chini ya pua yangu. Nikanusa kwa madaha.

"Chai ya tangawizi."

Nikafumbua macho. Chupa ya mafuta ya taa. Akaleta kahawa: nikasema sabuni. Alicheka mpaka akaketi chini, juu ya vigae vyangu, na hiyo peke yake ilikuwa faida. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza yale magunia yote niliyoyapitisha kwa pua. Nadhani kiganja ndicho kilichokuwa kinajua, pua ilikuwa inapokea sifa tu.

Kesho yake tulikwenda Nyegezi wote wawili, jioni. Mama wa kitalu akatutazama.

"Leo baba kaja na pua."

Mke wangu akainama kwenye lile jeupe, akafumba macho, akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa barazani kwangu. Nikabeba miche bila kubishana na mtu.

Sasa jeupe limefunika nguzo zote. Jua likishuka upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, mke wangu anakuja na kigoda chake. Mimi sisikii kitu.

"Limeanza?" namuuliza.

"Limeanza. Sogea kule mwisho, mzee, unaliharibia harufu."

Nasogea mpaka kwenye ngazi. Baraza ni refu, nililijenga mwenyewe.