Siku Nilipomkimbiza Bibi Harusi kwa Kinanda

Naikumbuka Jumamosi moja pale kijijini Ulemo, mwanangu, nilipompigia dada yangu kinanda siku ya ndoa yake, na nusura nimkimbize kanisani kama anayefukuzwa na nyuki. Nitakusimulia yote, hata yanayonivunjia heshima, maana nasikia unajifunza kinanda na watu wameshaanza kukusifu. Hapo kwenye sifa ndipo nilipoteleza mimi.

Siku hizi mna vinanda vya umeme, unabonyeza kitufe na ngoma inajipiga yenyewe. Chetu kilikuwa cha miguu. Unakanyaga pedali mbili kwa zamu, mvukuto unajaa upepo, ndipo sauti inatoka. Ukisahau miguu, wimbo unakata roho katikati ya ubeti. Mwalimu Elia, aliyenifundisha, alinikanyagisha wiki nyingi kabla hajaniruhusu kugusa noti hata moja, nami nilinung'unika sana. Lakini siku sauti zote nne za wimbo zilipotoka chini ya mikono yangu mwenyewe, besi ikinguruma mpaka kwenye benchi nililokalia, nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima. Furaha ile sijaizoea hadi leo.

Kinanda kilielekea ukutani, kwa hiyo mpigaji aliwapa watu mgongo. Mwalimu alikuwa ametundika juu yake kioo kidogo cha kunyolea ndevu, ili mpigaji auone mlango na njia ya katikati. "Kabla ya kutazama noti, tazama kioo," alizoea kusema. Nilimwitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kama nyinyi mnavyotuitikia, kwa mdomo tu.

Dada yangu Dorika alipochumbiwa na kijana wa Sepuka, nilimwomba Mwalimu aniachie kinanda siku ya ndoa, akakubali. Nilikuwa nimeazima tai nyekundu. Watu wakiwa wanaingia, nilikigeuza kioo kidogo tu, nione kama imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawasawa, nami nikakiacha kioo kikinitazama mimi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hilo tembo langu lilikuwa maji matupu.

Mtu mmoja wa kwaya akaninong'oneza kwamba bibi harusi amefika, nikaanza. Kila ubeti ulikwenda mbio kuliko uliotangulia. Nikamaliza kwa mbwembwe, nikageuka nione nani amefurahi. Dorika alikuwa bado mlangoni, ameshikwa mkono na baba, amepiga hatua tatu tu. Kwa hofu nikaanza upya, tena kwa kasi zaidi, na shangazi Naomi, aliyekuwa amebeba pindo la shela, akadhani amechelewa. Shangazi alikuwa mama mwenye mwili wake, na viatu vilimbana. Akaanza kukimbia akampita bibi harusi, shela mkononi, na kichwa cha Dorika kikavutwa upande. Watu walicheka mpaka mzee wa kanisa akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo.

Mwalimu Elia akaja taratibu kutoka benchi la kwaya, akakirudisha kioo mahali pake.

"Mtazame dada yako," akaninong'oneza. "Mguu wake ukishuka, na kidole chako kishuke."

Nikamtazama. Katika kanisa lile lote, Dorika peke yake hakucheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka, na mimi ndugu yake wa tumbo moja sikuwa nimejua kwamba anaogopa. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Nikaanza tena. Mguu wake ulishuka, nikapiga noti ya kwanza, nikaishikilia mpaka uliposhuka wa pili. Aliposimama kufuta machozi, nami nilisimama juu ya noti ileile, nikikanyaga polepole upepo usiishe. Akina mama wakaona tunavyokwenda, wakadakia wimbo, kisha wanaume wakaingia na besi, na vigelegele vikapanda mpaka sikukisikia tena kinanda changu. Dorika akainua uso. Alipofika mbele alikuwa anatabasamu.

Baada ya ibada nilimfuata kumwomba msamaha.

"Pale mlangoni nilitaka kurudi nyumbani kwa mama," akaniambia. "Huko Sepuka simjui mtu. Kinanda kilipokimbia nikaona nimeachwa peke yangu. Kiliponisubiri, ndipo nilipopata miguu."

Mwalimu hakuninyang'anya kinanda, ila kwa Jumapili kadhaa alinikalisha na wazee wa besi, niimbe tu, nijifunze watu wanavuta pumzi wapi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi mwanangu, jifunze kinanda mpaka ukijue, na ukifurahie bila haya, kwa kuwa Mungu hakukupa vidole hivyo ili ununune. Lakini kabla hujaanza, jua ni nani anayekuja. Huyu ana harusi, huyu amefiwa, yule bibi pumzi zake ni fupi. Wasubiri. Anayebaki nyuma si lazima awe hajui wimbo. Pengine anaogopa tu.

Mungu akubariki, akupe vidole vyepesi na miguu isiyochoka. Na siku itakapokuwa zamu yako kusimama mlangoni ukitetemeka, akuwekee mbele yako mtu wa kukusubiri.