Upepo Haupimwi Mahali Pamoja

Ashukuriwe Mungu anayetupa pumzi kila asubuhi bila kutudai chochote. Kwa pumzi hiyo, mwanangu, nakusimulia.

Nakumbuka siku moja katika miaka ya tisini, nilipotoka Lodwar kwenda Kakuma kumposa Akiru. Nilikuwa likizoni kutoka kiwanda cha saruji, mbali huko kusini. Akiru nilikuwa nimemwona mara moja tu, akiimba kanisani. Nikaona yatosha.

Baba yake, Mzee Lokwang, alinisalimu kwa Kiturkana, akanikaribisha chai ya maziwa ya ngamia.

"Ejok, kijana. Huko kiwandani unafanya kazi gani?"

"Napima upepo, Apa," nikamjibu, nikimwita baba kwa heshima.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wanakulipa kupima upepo? Wakuje hapa, sisi iko nayo bure."

"Na mahari ataleta upepo," akadakia ndugu yake mzee.

Nikawaeleza taratibu. Hewa ya moto ya tanuri hupita katika bomba pana, imejaa vumbi. Tunaingiza kijibomba chembamba, tunapima karibu na ukuta, tunakisogeza katikati, kisha upande wa pili. Vumbi likikiziba, tunakipuliza na kuanza upya.

"Kwa nini msipime mara moja?" akauliza mzee.

"Itatudanganya, Apa. Katikati hewa inakimbia, pembeni inajivuta."

Akanusa tumbaku yake. "Na binti yangu umempima wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani kila mtu anakimbia vizuri. Rudi, umwone kiangazi. Na yeye akuone."

Niliondoka na uchungu, sikufichi. Lakini kiangazi nilirudi, nikamkuta Akiru ndani ya kisima cha mchangani, katika mto uliokauka, mbuzi wakilia juu. Hakunisalimu.

"Umekuja kuangalia ama kusaidia? Shika karai."

Nilimwaga maji, akanigombeza mbele ya watu. Nikamwaga tena, akacheka. Nikarudi baba yake alipougua, nikaona anavyomlisha. Siku mzee aliponikubalia, sikuwa tena naoa sauti ya wimbo. Nilikuwa naoa mtu ninayemjua, naye ananijua, hata uzembe wangu wa karai.

Mwanangu, nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Usimpime mtu kwa siku yake moja, iwe nzuri au mbaya. Rudi. Mtazame akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiuguza mgonjwa. Nawe ukubali kutazamwa hivyo hivyo.

Mungu akupe subira ya kurudi, wewe unayesoma, na akujalie mtu atakayekujua kweli na asikuchoke. Amina.